Maswali ya Wasomaji Kuhusu Magari: Mpira Gani Unafaa Kupitisha Maji ya Injini?

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Tabora na Kigoma katika msimu huu wa joto la kabla ya mvua zinahusu magari yanayochemsha, na katika nyingi ya hizo chanzo kinachotajwa ni mpira uliopasuka, uliovimba au uliochomoka. Tumechagua nne ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wasomaji wengi zaidi, na tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Ninaendesha Toyota Noah ya abiria kati ya Tabora mjini na Kaliua. Mwezi uliopita mpira wa juu wa rejeta ulipasuka tulipokuwa tumekwisha kuipita Usoke, ikabidi abiria wahamie gari jingine. Dukani nimeonyeshwa mipira mitatu: mmoja mweusi uliopindwa tayari kiwandani, mmoja wa bluu wa silikoni ambao bei yake ni mara kadhaa ya ule mweusi, na mmoja wa plastiki inayoonyesha ndani, wenye nyuzi, unaouzwa kwa mita. Muuzaji anasema yote mitatu inaingia. Nichukue upi?
*Msomaji, Isevya, Tabora*

JIBU: Chukua ule mweusi, mradi uhakikishe kuwa umetengenezwa kwa mpira wa EPDM wenye nyuzi ndani ya ukuta wake, na kwamba umbo lake ni la gari lako hasa. Muuzaji amekwambia kweli kwamba yote mitatu inaingia, lakini kipimo cha mdomo wa rejeta ni sharti la kwanza tu, na ndilo jepesi kuliko yote. Yanayoamua kama mpira utadumu ni joto, presha, na kile kinachopita ndani yake.

Tuanze na joto na presha, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoupima mpira kwa macho na kukosea. Thamostati, yaani valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, kwa gari la kawaida hufunguka katika joto la digrii 82 hadi 88 za Selsiasi, kwa hiyo hata siku ambayo injini haina tatizo lolote mpira wa juu hupitisha maji yenye joto hilo kutwa nzima. Mfuniko wa rejeta nao umewekwa makusudi ili kuzuia presha isitoke mapema. Tazama juu yake, utaona namba kama 0.9 au 1.1, ambayo ndiyo presha inayoruhusiwa kabla ya valvu kufunguka. Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo kwenye sufuria wazi huchemka yakifika karibu digrii 96. Mfuniko wa 0.9 ukiwa mzima huyawezesha maji hayo hayo kufika kama digrii 116 bila kuchemka, na ukichanganya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu kiwango hicho hupanda zaidi. Basi mpira unaotafutwa ni ule unaoweza kukaa miaka ukiwa na maji ya moto kuliko ya chai inayochemka, yakiwa yanasukuma kutoka ndani, huku ncha moja ikiwa imefungwa kwenye injini inayotikisika na nyingine kwenye rejeta iliyotulia.

EPDM ni mpira wa kutengenezwa viwandani uliounganishwa kutokana na gesi za ethilini na propilini, na umekuwa ndio mpira wa kawaida wa njia za maji katika magari kwa miongo mingi. Unastahimili joto la kufikia digrii 125 kwa matumizi ya kudumu, na ile iliyopikwa kwa njia bora zaidi hufika 150. Hauathiriwi na maji ya moto wala na glaikoli iliyo ndani ya kulanti, na hewa ya ozoni, ambayo huipasua mipira mingine kwa mistari midogo kila inapopinda, haiuwezi. Udhaifu wake mkubwa ni mafuta ya petroli na oili, jambo ambalo tutalijibu kwa kirefu katika barua inayofuata.

Mpira wa asili, unaotoka kwenye utomvu wa mti, unavutika vizuri na ni rahisi kuutengeneza, lakini joto la injini huuchosha upesi na ozoni huupasua. Ukiukunja mpira mpya mweusi dukani na kuona nyufa ndogo kwenye mkunjo, uache hapo hapo. Ama ni wa aina hiyo, ama umekaa kwenye rafu au juani kupita umri wake.

Ule wa plastiki inayoonyesha ndani ni PVC. Nyuzi zake zinamdanganya mnunuzi, kwa kuwa unafanana na kitu chenye nguvu, na kweli una nguvu ukipitisha maji baridi ya bustani au hewa ya kompresa. Ukifika digrii 70 hivi huanza kulainika, na ukilainika klipu huzama ndani yake, mdomo hupanuka, kisha huchomoka wote kwa mara moja. Ukitaka kuthibitisha, omba kipande kidogo, kitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika chache halafu kibane kwa koleo. Sisi tunasema wazi kwamba plastiki hiyo haipaswi kufungwa kwenye njia ya maji ya injini hata kwa safari ya kurudi nyumbani, kwa sababu maji yakimwagika wakati fundi ameinama juu ya injini, anayeungua ni mtu.

Silikoni ni mpira mzuri sana kwa upande wa joto. Hustahimili hadi karibu digrii 180, haukauki, haupasuki kwa ozoni, na ndiyo maana hutumika katika mabasi, malori makubwa na magari ya mashindano. Hata hivyo kuna mambo ambayo wauzaji hawayasemi. Kwanza, silikoni hupitisha mvuke wa maji kupitia ukuta wake kuliko EPDM, hivyo maji hupungua polepole ingawa huoni tone lolote chini ya gari, na asiyejua hufungua injini kutafuta kuvuja kusikokuwepo. Pili, ni laini, na zile klipu za kawaida za bisibisi zenye matundu huikata. Inahitaji klipu zenye uso laini wa ndani, au zile za springi zinazokaza zenyewe mpira unapopoa na kusinyaa. Tatu, oili na petroli huiharibu. Nne, rangi ya bluu si ushahidi wa silikoni, maana mpira wowote unaweza kutiwa rangi. Kwa Noah isiyofanyiwa mabadiliko kwenye injini, fedha hiyo ya ziada itakusaidia zaidi ukiitumia kununua EPDM ya kiwango, mfuniko mpya wa rejeta, klipu mpya na kulanti.

Sasa namna ya kuutambua. Mpira wa kiwango huwa na maandishi yaliyochapwa mwilini; tafuta herufi EPDM, na mara nyingi SAE J20, ambacho ni kiwango cha Marekani cha mipira ya njia za maji ya injini. Maandishi yanaweza kughushiwa, kwa hiyo uangalie mdomo uliokatwa: unapaswa kuona tabaka la ndani, nyuzi katikati, na tabaka la nje, bila tabaka moja kuachana na jingine unapolisukuma kwa kucha. Unene wa ukuta uwe sawa pande zote. Umbo nalo lisipuuzwe, kwa sababu mpira ulionyooka ukilazimishwa kupinda hujikunja kwa ndani na kupunguza njia ya maji, na gari litaendelea kuchemsha juu ya mpira mpya.

Kuna neno moja zaidi kuhusu kupasuka kwako pale Usoke. Mipira mingi haiharibiki kuanzia nje. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wamefahamu kuwa maji ya rejeta, chuma cha injini na mpira wenyewe kwa pamoja hufanya kitu kama betri dhaifu, na umeme huo mdogo hupasua mpira kwa ndani, hasa karibu na ncha zake. Nyufa hizo hupitisha maji hadi kwenye nyuzi, nyuzi huoza na kukatika, na siku moja mpira unaong'aa kwa nje hupasuka kwa urefu. Kagua hivi: injini ikiwa imepoa kabisa, bana mpira kwa vidole viwili karibu na klipu, kisha ubane katikati. Ukihisi kwamba karibu na klipu ni laini zaidi, au vidole vinakutana na mfereji kwa ndani, mpira huo umekwisha ingawa hauvuji. Kulanti iliyochoka huongeza kasi ya uharibifu huo, na maji matupu, juu ya hayo, hukitia chuma kutu.

Magari mengi yanayoingia kwetu kutoka Japani yakiwa yametumika huja na mipira yake ya kiwandani, nayo ina umri ule ule wa gari. Kwa hiyo mmoja ukipasuka kwa uzee, usibadili huo peke yake. Kama Noah yako ni ile ya zamani ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, kuna mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu kati ya rejeta na injini, yenye viungio vya mpira visivyoonekana mtu asipolala chini. Hivyo navyo vikaguliwe pamoja na mipira ya hita. Sisi tungebadilisha yote kwa siku moja.

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni kijana ninayejifunza kazi katika gereji hapa Mwanga. Gari la mteja lenye gia za otomatiki lilikuwa na mpira mdogo wa oili ya gia uliochakaa, ule unaoingia chini ya rejeta. Nilikata kipande cha mpira wa hita uliokuwa mpya kabisa nikaufunga. Baada ya wiki chache umevimba na kuwa mlaini kama mkate uliolowekwa. Je, niliuziwa mpira feki? Na je, kwa kuwa mpira wa petroli ni imara zaidi, naweza kuutumia kila mahali, hata kwenye maji?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukuuziwa feki. Inawezekana kabisa kwamba mpira ulionunua ulikuwa EPDM safi, na ndiyo sababu umevimba.

Mpira unapokutana na kimiminika cha asili inayofanana na yake hukinywa. EPDM na oili vyote vimejengwa kwa kaboni na hidrojeni, kwa hiyo oili hupenya katikati ya nyuzinyuzi za mpira, huzitenganisha, na mpira huvimba na kupoteza nguvu. Maji na glaikoli ni vya tabia tofauti, navyo EPDM huvikataa. Mpira wa naitraili, ambao katika mipira huandikwa NBR, umetengenezwa kwa kuongezewa kemikali inayoubadilisha tabia hiyo, nao huikataa oili na petroli. Kwa njia ya oili ya gia, tafuta mpira wa NBR ulioandikwa kuwa ni wa oili, wenye nyuzi, na unaotajwa kustahimili joto la oili ya gia otomatiki. Gari hilo lirudishwe leo, si wiki ijayo. Mpira huo ukichomoka barabarani, gia hupoteza oili yake katika muda mfupi sana, na oili ya moto ikidondokea kwenye bomba la ekzosi inaweza kuwaka.

Ukitaka jaribio la kukuonyesha tofauti bila kusoma maandishi, kata vipande viwili vidogo, kimoja cha mpira wa hita na kimoja cha mpira wa petroli, vipime urefu, viweke katika petroli kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na moto, na uvipime tena kesho yake. Cha EPDM utakikuta kimekua wazi kwa macho.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. NBR ya kawaida inapokaa katika joto la digrii 100 na zaidi kwa muda mrefu huwa ngumu, kisha hupasuka, na ozoni huushambulia upande wake wa nje. Mpira wa petroli pia hauna maumbo wala vipenyo vya njia kubwa za maji. Mipira ya hita mara nyingi huwa na tundu la milimita 16 au 19, na fundi hushawishika kuvuta mpira wa petroli uliobana kidogo mpaka uingie. Ukuta uliovutwa hivyo hupasuka mapema kuliko uliokaa kwa kipimo chake.

Jambo jingine ambalo barua yako imenikumbusha: kama gasketi ya kifuniko cha valvu inavuja, oili itatiririka juu ya mipira ya maji na kuivimbisha kutoka nje. Nimeona mipira mipya ikibadilishwa mara kwa mara katika gari moja bila mtu kuiangalia ile gasketi iliyo juu yake. Zuia oili kwanza, osha njia yote kwa maji na sabuni, ndipo ufunge mpira mpya. Kwa sababu hiyo hiyo usipake grisi wala oili kwenye mdomo wa rejeta ili mpira uteleze; tumia maji au kulanti kidogo.

SWALI: Land Cruiser yetu ya dizeli, injini ya 1HZ, inafanya kazi za vijijini kati ya Kasulu na Kibondo. Nikikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, mpira wa chini wa rejeta unajibana kama umenyonywa, na nikiachia unarudi. Nimeshaununua mpya, bado unafanya hivyo. Je, ninunue wa silikoni?
*Msomaji, Kasulu*

JIBU: Usinunue bado. Mpira wa chini uko upande ambao pampu ya maji inanyonya, kwa hiyo kazi yake ni kustahimili kunyonywa zaidi kuliko kusukumwa, na katika magari mengi kiwanda huweka springi ya waya ndani yake ili usijibane. Tazama mpira wa zamani kama haujatupwa: ukikuta springi, au alama za kutu za mzunguko kwa ndani, basi mpya ulionunua umeuzwa bila springi na unatakiwa kuwa nayo. Silikoni laini bila springi itajibana vivyo hivyo.

Kama haukuwahi kuwa na springi, tuhuma inahamia kwenye rejeta. Pampu inanyonya maji kuliko rejeta inavyoweza kuyapitisha, na katika barabara zenu za vumbi na matope, gari likiwa limeongezewa maji ya mito kwa miaka, vijia vya ndani vya rejeta huziba kwa chokaa na kutu. Rejeta ifunguliwe na kusafishwa. Kujibana kwa mpira baada ya injini kupoa usiku, wala si wakati wa kukanyaga mafuta, ni jambo tofauti. Hapo ni valvu ndogo ya katikati ya mfuniko iliyokwama, isiyoruhusu maji ya chupa ya akiba kurudi, na dawa yake ni mfuniko mpya.

SWALI: Huku Uvinza spea ziko mbali. Mpira ukipasuka, sisi huzungushia mpira wa baiskeli na kuendelea, au tunakata sehemu mbovu na kuunga kwa kipande cha bomba la chuma la maji. Kuna ubaya gani? Na maji ya kuongeza tuyatoe wapi?
*Msomaji, Uvinza*

JIBU: Kuzungushia mpira wa baiskeli kunaweza kukufikisha, na hatuwezi kumlaumu mtu aliye peke yake porini kati ya Uvinza na Kaliua kwa kutumia alichonacho. Masharti ni kwamba injini ipoe kwanza, mpira ukaushwe, ukanda uvutwe kwa nguvu na uanzie mbali na ufa pande zote mbili, kisha mfuniko wa rejeta uwekwe bila kukazwa hadi mwisho ili presha isijengeke. Kumbuka tu kwamba bila presha maji yako yatachemka katika digrii zile 96 au 97 za huku kwetu bara, kwa hiyo nenda polepole, zima kiyoyozi, simama mara nyingi na kuongeza maji injini ikiwa imetulia. Usifungue mfuniko gari likiwa la moto.

Kuunga kwa bomba kunakubalika kwa muda ikiwa kipande ni cha shaba au shaba nyeupe, kina kingo zilizosuguliwa zisikate mpira, na kina ukingo ulioinuka kidogo unaozuia klipu kuteleza. Bomba la chuma lililopakwa zinki, ambalo ndilo la maji ya majumbani, lisitumike pamoja na kulanti: zinki humenyuka na glaikoli na kuacha uchafu unaokwenda kuziba rejeta, kisha chuma kilichobaki hushika kutu. Wala usizibe ufa kwa silikoni ya gasketi ya kwenye tyubu ukidhani ni sawa na mpira wa silikoni. Ile ni gundi ya kuziba mahali palipobanwa kwa bolti, na juu ya mpira unaopanuka hubanduka.

Ama maji, Uvinza ni mahali pa chumvi, na chemchemi zake zimetengeneza chumvi kwa karne nyingi. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kuliko yote kwa rejeta ya alumini, kwani hula chuma na pia huongeza ule umeme mdogo unaopasua mipira kwa ndani. Kinga maji ya mvua yanayotoka kwenye bati safi baada ya dakika za kwanza za mvua kuosha vumbi, uyachuje kwa kitambaa, uyahifadhi kwenye dumu lenye kifuniko ndani ya gari. Ikibidi kuongeza maji ya kisima ili ufike, ongeza, halafu ukifika mjini mwaga yote, suuza mfumo kwa maji safi hadi yatoke bila rangi, ujaze kulanti mpya na ufunge mpira mzima wa EPDM badala ya ule uliozungushiwa.